Mfanyakazi Hakukosa Shukrani, Alipiga Hesabu

Umezuka usemi katika maofisi, na sasa umeanza kupanda hata kwenye majukwaa, kwamba mfanyakazi wa siku hizi ni mtu wa manung'uniko. Ati akipewa barabara hudai maji, akipewa maji hudai mshahara, na akiongezewa mshahara hudai pensheni. Wasemaji wa maneno haya huyatamka wakiwa wameketi katika viti vya kuzunguka, mbele ya kipaza sauti, na mara nyingi humalizia kwa kumshauri mfanyakazi awe mzalendo na aache kuwasikiliza wachochezi.

Ni usemi wa kibwanyenye, na haufai kuachwa upite bila kujibiwa, kwa sababu unamgeuza mdai kuwa mkosaji. Mfanyakazi wa Tanzania hakuchochewa na mtu. Alichukua karatasi na kalamu, akapiga hesabu ya uzee wake, na jumla aliyoipata ndiyo iliyomkatisha tamaa na siasa. Anayetaka kumtuhumu hana budi kwanza aisome hesabu hiyo.

Basi isomwe. Achukuliwe mtumishi wa umma aliyekuwa mwanachama wa mfuko wa PSPF, mwalimu au mwuguzi au karani wa wilaya, aliyetumikia taifa miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake wa mwisho ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa wepesi wa hesabu, wastani wake wa miaka mitatu bora nao uwe huo huo. Chini ya utaratibu wa zamani, miezi yake iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara wa mwaka, nusu yake ikazidishwa kwa 15.5. Alitoka kazini na mkupuo wa shilingi 62,000,000, na baada ya hapo akapata pensheni ya shilingi 333,333 kila mwezi.

Ukaja mwaka 2018. Mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, jambo ambalo halikuwa baya kwa lenyewe, kwa maana utitiri wa mifuko ulikuwa utitiri wa wakurugenzi, magari na majengo. Lakini pamoja na muungano huo zilitoka kanuni, na katika kanuni hizo mtumishi yule yule, mwenye miezi ile ile na mshahara ule ule, alikuta miezi yake inagawanywa kwa 580, mkupuo ni robo badala ya nusu, na robo hiyo inazidishwa kwa 12.5. Mkupuo wake ukawa shilingi 23,275,862. Milioni 38 na ushei zilikuwa zimeyeyuka bila yeye kuiba, bila kulewa kazini, bila kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Watetezi wa kikokotoo hicho walikuwa na jibu lao, nalo lilisemwa kwa ufasaha mkubwa. Walisema mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imeongezeka, hivyo mzee atakuwa na kipato cha uhakika hadi mwisho wa maisha yake. Ni kweli, iliongezeka: kutoka shilingi 333,333 hadi 465,517. Tofauti ni shilingi 132,184 kwa mwezi. Sasa mzee huyo akitaka kuzirudisha zile milioni 38 alizokosa siku ya kustaafu kwa kuziokota katika nyongeza hiyo, atahitaji miezi 293, yaani zaidi ya miaka 24. Aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 atakuwa amelipwa fidia yake akiwa na miaka 84. Wataalamu waliotunga kanuni wanajua hesabu kuliko mwalimu wa shule ya msingi. Haiyumkiniki kwamba hawakuliona hilo.

Kilio kilipanda nchi nzima, na lazima kikiriwe kwamba kilisikika. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli, baada ya kukutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizisimamisha kanuni hizo na kuagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Wafanyakazi walishangilia. Walikuwa na haki ya kushangilia, ingawa kilichotolewa kilikuwa muda tu, na deni la muda lina tarehe yake.

Tarehe hiyo haikungojwa hata ifike. Julai 2022 kilianza kikokotoo kingine, cha asilimia 33, na ikaelezwa kwamba safari hii vyama vya wafanyakazi vimeshirikishwa. Katika bajeti ya Juni 2024 asilimia ikapandishwa tena hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo. Magazeti yaliandika kwamba kilio cha wafanyakazi kimesikilizwa. Bungeni walipiga makofi.

Hapa ndipo penye siri ya jambo zima, na ni vema isemwe wazi. Mjadala wote tangu 2018 umeendeshwa juu ya asilimia: robo, theluthi, arobaini, nusu. Asilimia ni neno analolielewa kila mtu, na kwa hiyo ni uwanja mzuri wa kutoa na kunyima hadharani. Lakini namba nyingine mbili, ile iliyotoka 540 ikawa 580 na ile iliyotoka 15.5 ikawa 12.5, zilipita kimyakimya kama mwizi wa usiku na hazikurudi. Mtumishi yule wa miaka 30, kwa asilimia 40 za mwaka 2024, anapata mkupuo wa shilingi 37,241,379 na pensheni ya shilingi 372,414. Amepungukiwa karibu milioni 25 katika mkupuo, na amezidishiwa shilingi 39,081 tu kwa mwezi. Kuifidia tofauti hiyo kunahitaji zaidi ya miaka 52. Mzee wa miaka 60 atalazimika kuishi hadi 112!

Hata kama kesho asubuhi ingetangazwa kwamba nusu nzima imerudi, asilimia 50 kamili kama zamani, na bendi zikapigwa na vitenge vikashonwa, mtumishi huyo angepata shilingi 46,551,724 badala ya milioni 62, na pensheni yake ya mwezi ingekuwa shilingi 310,345, ndogo kuliko ile ya zamani. Angekuwa amepoteza huku na huku. Mfanyakazi aliyeigundua hesabu hii hawezi tena kutulizwa kwa tangazo la asilimia, na asipopiga makofi asiitwe msaliti.

Kuna hoja moja ya upande wa pili yenye uzito, nayo haifai kufichwa. Wanachama wa mifuko mingine, na wengi wa sekta binafsi, walikuwa wakipata robo na kugawanywa kwa 580 tangu awali. Kwao asilimia 33 na 35 ni nafuu. Usawa kati ya wafanyakazi ni jambo jema, tena ni msingi wa ujamaa. Lakini usawa wa kumshusha aliye juu kidogo, ili alingane na aliyekuwa akipunjwa, huo ni usawa wa namna gani? Mkulima mwenye ng'ombe wawili, mmoja mnene na mmoja amekonda, hamnyimi majani yule mnene ili zizi lipendeze.

Hoja nyingine ni ile ya uhai wa mifuko. Inasemwa kwamba utaratibu wa zamani ungeifilisi. Yamkini ni kweli. Lakini swali la mfanyakazi linabaki pale pale: nani aliyeifikisha mifuko katika hali hiyo? Makato yake hayakuchelewa hata mwezi mmoja. Yalikatwa kabla hajauona mshahara wenyewe. PSPF ilipoanza 1999, maelfu ya watumishi waliokuwa kazini hawakuwa wamechangia miaka yao ya nyuma, kwa sababu sheria ya wakati huo haikuwataka wachangie. Dhamana ya miaka hiyo ilikuwa ya Serikali. Mfuko ukawalipa walipostaafu, Serikali ikachelewa kuurejeshea, deni likakua mwaka hadi mwaka, na baadaye sehemu yake ikalipwa kwa hatifungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Mifuko hiyo hiyo ilitakiwa itoe fedha za kujenga Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007. NSSF ilitoa asilimia 60 ya gharama za Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016.

Hakuna mfanyakazi anayeuchukia mradi wa chuo wala wa daraja. Watoto wake wamesoma Dodoma, na yeye mwenyewe huvuka kwenda Kigamboni. Lakini daladala linalombeba hutozwa ushuru darajani, na ushuru huo umo katika nauli yake. Kwa maneno mengine ameikopesha nchi fedha za kujenga daraja, kisha analipia kulivuka, na anapofika ng'ambo huambiwa mfuko wake umedhoofu, hivyo apunguziwe mafao. Mwenye kupanga mambo hivi asishangae akikuta uso wa mfanyakazi umekunjamana.

Ni kweli pia, na wapo wasemao hivyo kwa kejeli, kwamba baadhi ya wastaafu hutapanya kiinua mgongo: huoa mke wa pili, hununua basi bovu, hufungua baa. Wapo. Lakini walio wengi hawana anasa hiyo. Mtumishi wa zamani alikaa katika nyumba ya Serikali; kuanzia 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa, na walionunua wanajulikana. Benki haimpi mwuguzi wa zahanati mkopo wa nyumba wa miaka 25. Kwa hiyo hujenga kwa namna anayoiweza: mwaka huu msingi, mwaka kesho kutwa boma, na bati lingoje mkupuo. Pita katika viunga vya Dar es Salaam, Mbeya, Mwanza au Tabora, uyatazame maboma yasiyoezekwa, yameota nyasi ndani, miembe imechipua sebuleni. Hayo si magofu ya wavivu. Ni mahesabu ya watu walioambiwa watapata nusu, kisha wakapewa robo, na theluthi, na arobaini.

Mfanyakazi ana sababu nyingine ya kutoamini ahadi, na sababu hiyo ni ya kihistoria. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, ikaundwa NUTA. Mgomo, ambao ndio ulikuwa silaha ya mfanyakazi tangu enzi ya mkoloni, ukawekwa chini. Lakini mwaka huo huo zilitungwa sheria mbili nyingine, ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo, na ya kuunda Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Yalikuwa mapatano, hata kama hayakuitwa hivyo: mfanyakazi aweke silaha chini, na Chama na Serikali viwe ngao yake kazini na uzeeni. Waliosimamia mapatano hayo hawakuwa wageni kwa mfanyakazi. Rashidi Kawawa aliingia katika uongozi wa taifa akitokea TFL, katika harakati za wafanyakazi. Na Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 hakikuweka kalamu na kikokotoo katika bendera yake. Kiliweka jembe na nyundo.

Upande wa mfanyakazi katika mapatano hayo ulitimizwa. Alihamia JUWATA ilipokuja 1978, akahamia OTTU 1991, akajenga mashirika ya umma, akabeba mzigo wa vita vya Kagera, akapanga foleni ya sukari na sabuni. Akiba yake ya NPF ilipomfikia, dola iliyokuwa karibu shilingi 17 mwanzoni mwa 1986 ilikuwa imekaribia 200 mwishoni mwa 1990, na miaka yake 20 ya makato ikatosha kununua mabati machache. Kisha ukaja ubinafsishaji, naye akapunguzwa kazini.

Wako pia wale wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika 1977. Watanzania zaidi ya 31,000 waliokuwa katika reli, bandari, posta na ndege walianza kudai mafao yao, wakadai chini ya uongozi wa awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano mahakamani, lakini hata baada ya hapo wazee hao, wenye fimbo na kanga zilizochakaa, walionekana mara kadhaa wakiketi katikati ya barabara za Dar es Salaam. Jumuiya mpya ilikuwa imekwisha kuzaliwa na kufungua ofisi Arusha, na wa ile ya zamani walikuwa bado wanadai. Kijana aliyepita na basi siku ile, akalalamika kuhusu foleni, leo naye ni mtumishi wa miaka arobaini na kitu. Amekumbuka.

Hapana haja ya kueleza kirefu hali ya wale walio nje ya utumishi wa umma, maana kila mtu anaiona. Kibarua wa kiwandani huandikwa kwa siku kwa muda wa miaka saba, na katika miaka yote saba ni "wa muda". Mlinzi wa usiku hukatwa mchango wa NSSF, na akienda kuuliza salio huambiwa mwajiri hajawasilisha. Huo ni wizi. Mwizi wa kuku angekuwa rumande. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi, miezi michache baada ya kima cha Serikali kuwa 370,000. Wengi wa waajiri wa watumishi hao wa nyumbani ni watumishi wa umma wenyewe, na hilo nalo lisemwe, ili mdai wa haki sebuleni asiwe mnyonyaji jikoni.

Kuna na ile hadithi ya asilimia 23.3. Mei 2022 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa Serikali kimepanda kwa kiasi hicho. Mwenye mshahara wa kati akasikia asilimia 23.3, akaenda nyumbani akaahidi, akakopa dukani kwa tumaini la Julai. Julai ilipofika akaona nyongeza isiyofanana na matumaini yake, ndipo akaelezwa kwamba namba ile ilikuwa ya wale wa chini kabisa. Maelezo yalikuwa sahihi. Yalichelewa tu miezi miwili, na miezi hiyo miwili ndiyo iliyokuwa ya makofi. Mwaka 2025 kima hicho kilipandishwa tena, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni hatua kubwa, ya kupongezwa bila kusitasita. Lakini mfanyakazi aliipokea akiwa ameshika kalamu, kwa sababu amefunzwa hivyo.

Ndiyo hali ya mtu ambaye leo anaambiwa amekosa shukrani. Wanaosema hivyo wangefaa wajiulize mfanyakazi anapowatazama viongozi wake anaona nini. Azimio la Arusha la 1967 liliweka Miiko ya Uongozi ili kiongozi asiwe na maisha ya namna yake peke yake. Mwongozo wa 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na kuagiza kwamba watu washirikishwe kuamua mambo yanayowahusu. Miiko ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo safari za kiongozi na za mfanyakazi zimekuwa njia mbili. Mbunge hulipwa kiinua mgongo chake kila Bunge linapomaliza muda wake. Hangoji afikishe miaka 55 wala 60. Haambiwi kwamba akipewa zote kwa pamoja atazitapanya. Hapewi robo na salio akalipwa kidogo kidogo kwa mwezi ili uzee wake uwe wa uhakika. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuitisha semina kueleza kwamba kiinua mgongo cha mbunge kinahatarisha uhai wa mfuko wowote.

Kwa hiyo wale wanaoona kikokotoo ni kizuri wana njia rahisi ya kumshawishi mfanyakazi, isiyohitaji semina wala fulana za Mei Mosi. Bunge linayo mamlaka ya kutunga sheria juu ya mafao ya wanasiasa, kama lilivyotunga ya watumishi. Basi upelekwe muswada: kiinua mgongo cha mbunge, cha waziri na cha mkuu wa wilaya kigawanywe kwa 580, kizidishwe kwa 12.5, atoke na asilimia 40, na kinachobaki akipokee mwezi kwa mwezi kuanzia siku atakapofikisha miaka 60. Muswada huo ukipita, mfanyakazi ataweka kalamu chini. Na kama hautapita, wale watakaoupinga wasimame Bungeni mmoja mmoja waeleze sababu zao, na Kumbukumbu Rasmi za Bunge ziziandike, ili mfanyakazi azisome akiwa chini ya lile boma lisilo na bati.